‘Dawdle’ kwenye ripoti ya mtoto: Kabla hujamwita mzembe, msome kwanza

RIPOTI za shule zinapotoka mwezi Juni na Desemba, mzazi huanza na namba. Amekuwa wa ngapi, wastani wake ni ngapi, hisabati amepata nini. Maoni ya mwalimu wa darasa huwa chini kabisa, mstari mmoja au miwili, na kwa shule za mchepuo wa Kiingereza huandikwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo mzazi wa Utemini au Mandewa, Manispaa ya Singida, anapoweza kukutana na neno ambalo hata sekondari hakufundishwa: “dawdles”. Mwalimu anasema mtoto ana akili na ana adabu, ila “dawdles”.

Mzazi anamuuliza jirani, jirani anamuuliza kijana wake wa kidato cha tatu, jibu linarudi kwamba maana yake ni kupoteza muda. Baba akisikia “anapoteza muda” anaelewa “mvivu”. Mpaka chakula cha usiku kinaisha, mvivu ameshakuwa mzembe, na ada ya muhula imeshatajwa mara mbili mbele ya mtoto. Katika nyumba nyingine fimbo nayo inatajwa.

Neno moja limebadilika mara tatu jioni moja, na hakuna aliyerudi kumuuliza mwalimu alimaanisha nini.

Kwa Kiingereza, “dawdle” ni kufanya jambo au kutembea polepole kuliko inavyohitajika, bila kukataa. Mtoto ametumwa avae viatu. Hajasema hapana, hajakimbia, hajalala. Ameshika kiatu kimoja mkononi, anaangalia sisimizi wanaopanda ukutani. Dakika kumi baadaye kiatu bado kiko mkononi.

Kiswahili kina maneno mengi ya karibu na hilo, na kila moja linaona upande wake. Kujivuta ni mwili kuwa mzito. Kukawia ni kufika baada ya wakati. Kusuasua ni kwenda bila uhakika, leo mbele kesho nyuma. Kuzubaa ni jambo la akili, kwamba macho yako wazi lakini mwenyewe hayupo. Mwalimu anayeandika “dawdle” anaweza kuwa ameona lolote kati ya hayo, au yote kwa pamoja. Tofauti kati ya mtoto anayejivuta na mtoto anayezubaa inaweza kuwa tofauti kati ya upungufu wa damu na kifafa.

Neno lilikotoka

Wachunguzi wa maneno ya Kiingereza wanalikuta “dawdle” katika maandishi ya katikati ya karne ya 17, miaka ya 1650. Wengi wanadhani limetokana na neno la lahaja za vijijini, “daddle”, lililomaanisha kutembea kwa kuyumbayumba, kama mtoto anayejifunza kusimama. Huenda pia lilivutwa na jina la ndege, “daw”, wa jamii ya kunguru, ambaye Waingereza wa zamani walimwona mzito na mjinga. Mtu mpumbavu naye aliitwa hivyo hivyo, “daw”.

Ndege huyo alisingiziwa. Watafiti wa tabia za wanyama wamemkuta na akili nyingi, na kunguru kwa jumla ni miongoni mwa ndege werevu kuliko wote duniani. Mama wa Singida aliyewahi kuibiwa kifaranga na kunguru mchana kweupe hahitaji utafiti kulijua hilo.

Neno halikuenea sana mpaka kwenye miaka ya 1775 hivi. Huenda ni sadfa, lakini ndiyo miaka ambayo Uingereza ilikuwa inafungua viwanda vya nyuzi vinavyoendeshwa kwa nguvu ya maji. Richard Arkwright alianza ujenzi wa cha kwake huko Cromford mwaka 1771, na watoto walikuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi wa viwanda vya aina hiyo. Kabla ya kiwanda, mtoto wa mkulima aliyetembea polepole alikuwa mtoto anayetembea polepole, basi. Kengele ya kiwanda ilipoanza kulia, mwendo ule ule ukawa kosa. Shule zikafuata na kengele zao, hadi leo na rimu ya gari iliyoning’inizwa mtini na kugongwa kwa chuma.

Ndugu za “dawdle” nao wana asili za kushangaza. “Loiter”, neno ambalo sheria za nchi nyingi hulitumia kwa wazururaji, linafikiriwa kuwa limetoka katika Kiholanzi cha kale, kwenye neno la kulegea na kutikisika, kama jino la mtoto linalokaribia kung’oka. “Dally” limetoka Kifaransa cha kale na mwanzoni lilikuwa kupiga soga tu. Waingereza baadaye wakalirudufisha likawa “dilly-dally”, kama sisi tunavyosema ngoja ngoja au chelewa chelewa.

Chelewa lenyewe lina habari yake. Kamusi za zamani za Kiswahili hulihusisha na kitenzi cha alfajiri, -cha, kile cha “kumekucha”. Aliyechelewa, kwa asili, ni mtu ambaye mapambazuko yamemkuta bado amelala. Inaendana na saa zetu, ambazo huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Kwa hiyo neno letu humtazama mtu na jua lake, wakati “dawdle” humtazama mtu na miguu yake. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linaloeleza kwa nini.

Akiwa na miaka sita

Sababu ya kwanza si ugonjwa. Ni umri.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alichapisha mwaka 1946 kitabu kuhusu namna watoto wanavyoelewa wakati. Alionyesha watoto vitu viwili vya kuchezea vinavyoanza kwenda pamoja na kusimama pamoja, kimoja kikienda kasi na kufika mbali zaidi. Watoto wadogo walisema kile kilichofika mbali ndicho kilichotumia muda mrefu zaidi. Kwao muda na umbali ni kitu kimoja.

Mtoto wa namna hiyo ukimwambia “una dakika tano” umemwambia sauti tu. Anachoelewa ni jambo linaloonekana: ukimaliza uji tunavaa viatu, ukivaa viatu tunatoka. Maagizo mawili kwa wakati mmoja yanamtosha. Matano yaliyotolewa na mama akiwa jikoni, yakipita juu ya sauti ya redio, yatapotea matatu njiani.

Halafu kuna lugha. Mtoto wa Mkalama anaweza kuongea Kinyiramba na bibi yake, Kiswahili sokoni, na akifika darasani akakuta kila kitu ni Kiingereza. Mwalimu akiuliza swali, mtoto huyo analichukua, analigeuza, anatafuta jibu kwa Kiswahili, kisha analigeuza tena kabla ya kuinua mkono. Wenzake wameshajibu. Kwa anayemtazama kutoka mbele ya darasa, amezubaa. Kumbe anafanya kazi mara mbili ya wenzake. Mzazi aliyelitafuta neno moja la ripoti jioni nzima anaweza kukisia hali ilivyo kwa mtoto anayekutana na maneno arobaini kabla ya mapumziko.

Usingizi ni hesabu. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa siku kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Mtoto anayeamshwa saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule, na aliyelala saa 4 usiku baada ya kazi za nyumbani na tamthilia, amelala saa 7. Ili apate angalau 9 ilibidi awe kitandani saa 2 usiku, muda ambao nyumba nyingi ndiyo kwanza zinapakua ugali. Asubuhi anavaa soksi kwa dakika kumi na tano. Anaitwa mvivu, naye amelala nusu.

Mwili unapomvuta nyuma

Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta watoto 58 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Hao ndio waliokuja kuingia darasa la kwanza. Upungufu wa damu wa kiasi hauonekani kama ugonjwa. Mtoto anacheza, anakula, ila anachoka mapema, anakaa chini wenzake wakikimbia, anaanza zoezi na kuliacha katikati. Wengine hutafuna udongo. Ukimfunua kope la chini kwa ndani au ukiangalia viganja vyake unaweza kuona weupe usio wa kawaida, ingawa kipimo cha damu ndicho cha kuaminika.

Chakula cha kurekebisha hali hiyo si kigeni mkoani hapa: maini, nyama, kuku, dagaa, maharage, mboga za majani. Tatizo mara nyingi ni chai. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hupunguza kiasi cha madini ya chuma ambacho mwili unakipata, na kifungua kinywa cha watoto wengi ni chai na andazi. Mpe uji, au chai ikae mbali na mlo. Malaria na minyoo navyo hula damu, kwa hiyo siku ya dawa za minyoo na kichocho shuleni si siku ya kumwacha nyumbani.

Masikio yanasahaulika kuliko yote. Mtoto anayetoa usaha sikioni mara kwa mara, au ambaye mafua yake hayaishi, anaweza kusikia nusu nusu, leo vizuri kesho vibaya, na hiyo ndiyo inayowachanganya wazazi. Wanasema anasikia anapotaka. Anaitwa mara tatu, ya nne kwa ukali, ndipo anageuka, kisha anaulizwa amekuwa na kiburi tangu lini. Jaribio la nyumbani ni dogo: simama nyuma yake akiwa hakuoni, mwite kwa sauti ya kawaida, mtajie kitu anachokipenda. Fanya siku tofauti. Kama hageuki, au anageuka upande mmoja tu, anahitaji kupimwa.

Kwa macho, dalili iko kwenye daftari. Mtoto asiyeona mbali hunakili ubaoni polepole, huchungulia daftari la jirani, hukodoa macho, na huwa amefika nusu ubao unapofutwa. Hajui kwamba wenzake wanaona tofauti, kwa sababu hajawahi kuona kwa macho ya mtu mwingine. Mwalimu akimhamishia mbele na kasi yake ikabadilika ndani ya wiki, umepata jibu la kwanza bila gharama.

Sekunde kumi asizokuwapo

Lililo gumu kugundua ni kifafa cha kuzubaa.

Watu wengi wakisikia kifafa wanaona mtu ameanguka, anatetemeka, anatoa povu. Ipo aina nyingine, ambayo mara nyingi huanza kati ya miaka 4 na 10, isiyo na kuanguka wala povu. Jina lake la kitabibu linatokana na neno lenye maana ya kutokuwapo. Mtoto anaongea, ghafla anasimama katikati ya sentensi. Macho yanatazama mbele, pengine kope zinapepesa au midomo inatafuna hewa. Baada ya sekunde tano, kumi, pengine ishirini, anaendelea alipoachia kana kwamba hakuna kilichotokea. Hajui kwamba alikuwa hayupo. Inaweza kutokea mara nyingi kwa siku, hata makumi.

Fikiria imla inayosomwa na mtoto huyo. Kila baada ya muda kidogo sentensi nzima inakatika. Daftari lake lina matundu, kazi zake zimeishia njiani, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi anaandika kile anachokiona: “dawdles”.

Kuna namna ya kumtofautisha na mtoto anayewaza mambo yake. Anayewaza huwa amekaa, amechoka au somo limemchosha, na ukimgusa bega anashtuka na kurudi. Mwenye kifafa cha kuzubaa hukatika hata akiwa anacheza, anakula au anasimulia jambo analolipenda, na hujibu mguso pale tu sekunde zake zinapokwisha. Ukiliona hilo, chukua simu umrekodi. Video ya sekunde ishirini humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, maana mtoto anaweza kukaa chumba cha daktari asubuhi nzima bila kuonyesha chochote.

Ugonjwa huu una dawa, watoto wengi hutulia wakizitumia ipasavyo, na wengi huachana nao wanapokua. Hauambukizi kwa mate wala kwa kula sahani moja, na hautokani na laana. Kumchapa mtoto aliyekatika hakumrudishi. Anachokipata ni kuamka katikati ya maumivu asiyoyajua yameanzia wapi.

Ipo pia hali ya mtoto kushindwa kutuliza mawazo kwa kiwango kinachovuruga masomo na maisha ya nyumbani, ambayo nayo hutambuliwa na daktari na si jirani wala video za mtandaoni. Hiyo inahitaji ukurasa wake.

Na mzazi naye

Kiingereza kina neno jingine la kupoteza muda ambalo haliandikwi kwenye ripoti za watoto, kwa sababu linawafaa zaidi watu wazima: “procrastinate”. Ndani yake mna Kilatini cha “cras”, yaani kesho. Ni kulisukuma jambo mbele, kulipeleka kesho, huku ukijua kwamba kulisukuma kutakuumiza.

Mtoto aliyetoa usaha sikioni mwezi wa pili, akaambiwa atapelekwa hospitali shule zikifungwa, kisha baada ya kuuza alizeti, kisha mwakani, yuko mikononi mwa neno hilo. Sababu za kweli zipo. Msamaha wa matibabu kwa watoto katika vituo vya serikali unawahusu walio chini ya miaka mitano, na mwanafunzi ameshavuka hapo. Kutoka vijiji vya Ikungi au Manyoni hadi hospitali yenye daktari wa macho au masikio ni nauli ya watu wawili na siku nzima ya kazi.

Lakini wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha mara nyingi si suala la kupanga muda. Ni kukwepa hisia mbaya. Mtu anaahirisha jambo linalomtia hofu ili apumue leo. Hapo mzazi anaweza kujitambua. Kusikia kwamba mwanao anahitaji miwani, au kifaa cha kusikia, au dawa za kifafa kwa miaka kadhaa, ni kusikia kitu kizito, hasa pale ukoo unapoanza kuuliza kimetoka upande wa nani. “Mvivu” ni neno jepesi zaidi. Mvivu hahitaji nauli.

Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wahenga hao hao walisema kawia ufike. Mzazi huchagua methali kulingana na siku.

Pa kuanzia ni karibu. Zahanati au kituo cha afya kinaweza kumwangalia mtoto, kumpima damu na malaria, kumtazama sikio, na kumwandikia rufaa. Kutoka hapo ipo hospitali ya wilaya, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Wa upande wa Itigi wana Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, wa Mkalama wana Iambi, na walio jirani na Makiungu wana hospitali ya misheni hapo hapo. Beba daftari la mtoto na ripoti yenyewe. Mhudumu anayeona kazi zilizokatika katikati ya mstari ana pa kuanzia.

Kabla ya safari hiyo kuna mtu wa kuulizwa, na hatozi chochote. Fomu nyingi za ripoti zina nafasi chini iliyoandikwa “maoni ya mzazi”. Wengi huweka sahihi tu, au huandika “asante mwalimu”. Nafasi hiyo inatosha kuuliza, kwa Kiswahili kabisa: Ni kwenye somo gani? Ni asubuhi au mchana? Amekaa dawati la ngapi kutoka ubaoni? Ukimwita jina akiwa hivyo, anaitika?